Hati za safari, karatasi au simu? Yaliyotukuta mimi na mama tukienda kutibiwa Chennai

Mwana wa Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki hii watu watatu wanaojiandaa kusafiri wameniuliza swali moja: siku hizi kuprinti kuna kazi gani, si kila kitu kiko kwenye simu? Zamani ningewajibu hapo hapo kwamba hakuna kazi. Leo siwezi, na nikiwaeleza kwa sauti ya WhatsApp nakatizwa katikati, ndiyo maana naandika hapa.

Mama yangu ana miaka 71. Moyo ulikuwa na tatizo la vali, tukashauriwa kwenda Chennai. Mimi ndiye niliyekuwa msindikizaji. Viza ya matibabu ya India inaombwa mtandaoni, ya mgonjwa na ya msindikizaji (mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wawili), na jibu linakuja kwa barua pepe. Tiketi nilikata kwenye simu. Barua ya hospitali ilikuja kwenye simu. Majibu ya vipimo nilipiga picha. Kadi zetu za njano, zile za chanjo ya homa ya manjano, nilizipiga picha pia, zenyewe nikazitia kwenye mkoba wangu. Mama alibeba pochi yake na ndani yake pasipoti tu. Nilifanya hivyo kwa nia njema, nisimchoshe na makaratasi.

Tulitua Chennai usiku wa manane. Kijana wa kiti cha magurudumu alikuwa anamsubiri mama mlangoni mwa ndege. Huduma hiyo ni nzuri, mnaosafiri na wazee iombeni mapema mnapokata tiketi. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba kiti hicho kina njia zake. Kinaingia lifti yake, kinapita foleni yake, na kinakwenda mbio. Mimi nilibaki nyuma na abiria wengine kwenye korido, nikifikiri nitamkuta mbele. Nilipofika ukumbi wa uhamiaji, mama simwoni.

Kumbe ameshafika kaunta ya upande mwingine. Afisa kamuuliza karatasi ya viza, kamuuliza hospitali gani, kamuuliza atakaa wapi. Mama anajua Kiswahili na Kizigua. Alichoweza kutoa ni pasipoti, na viza ya mtandaoni haibandikwi kwenye pasipoti kabla hujafika. Akasogezwa pembeni, karibu na ukuta, asubiri.

Nami huku simu yangu ilikuwa haina mtandao. Laini ya nyumbani sikuiunganisha kutumika nje, na intaneti ya bure ya uwanjani inataka namba ya simu ikutumie tarakimu za kuingilia kwa meseji. Meseji haifiki, maana laini haifanyi kazi. Zile barua za viza nilikuwa nimezisoma kwenye barua pepe, sikuzipakua. Nikifungua inazunguka tu.

Zilipita kama dakika hamsini. Nilipompata alikuwa ameshika pasipoti kwa mikono miwili. Hakuwa analia. Aliniuliza: "Mwanangu, karatasi zangu mimi ziko wapi?"

Swali hilo limekaa nami hadi leo. Karatasi zake zilikuwa kwangu. Viza ina jina lake, barua ya hospitali ina jina lake, vipimo ni vya moyo wake, na yote yalikuwa mfukoni mwa mtu mwingine, ndani ya kifaa asichojua hata kukifungua. Wakati wa karatasi kila mtu alikuwa na bahasha yake. Simu imetufanya tukusanye hati za familia nzima kwenye mkono mmoja, na mkono huo ukipotelea upande wa pili wa ukuta, wengine wote wanabaki hawana la kujieleza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nauandika kwa uchungu: hati ikae na mwenye jina. Kama mwenye jina anaimudu simu, na iwe kwenye simu yake. Kama haimudu, iwe karatasi mkononi mwake, si kwenye simu ya mwanawe.

Naomba wenye uzoefu wa njia nyingine waongezee: madereva, walioko Ulaya, waliokwenda Hija.

---

Kijana wa Kariakoo

Pole sana mkuu, na mama tunamwombea afya.

Ila naomba nitofautiane nawe kidogo. Mimi nimeokolewa na simu. Nilikuwa safarini Nairobi kufuata mzigo, begi likachukuliwa kwenye basi usiku nikiwa nimesinzia. Ndani kulikuwa na pasipoti, tiketi ya kurudi, na hizo kopi zote watu wanazoshauri ubebe. Kopi ukiziweka begi moja na pasipoti halisi, mwizi anaondoka na vyote.

Kilichonifikisha nyumbani ni picha ya ukurasa wa kwanza wa pasipoti niliyokuwa nimejitumia kwenye barua pepe yangu mwenyewe. Nilikwenda polisi nikachukua taarifa ya upotevu, nikaenda ubalozini kwetu na namba ya pasipoti, tarehe iliyotolewa, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), vyote vinasomeka. Nikapewa hati ya dharura ya kurudia nyumbani. Aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni naye alikuwa ameibiwa, lakini hakuwa na picha wala namba aliyoikumbuka. Nilimwacha pale pale.

Karatasi inalowa, inaungua, inaibiwa. Barua pepe unaifungulia popote, hata kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua.

---

Mwana wa Pangani

Kijana wa Kariakoo, hapo hatupingani. Sikusema simu itupwe. Picha ya pasipoti kwenye barua pepe ni jambo ambalo ningemlazimisha kila msafiri alifanye. Ila angalia: picha yako ilikusaidia kupata hati nyingine ya karatasi. Picha yenyewe isingekuvusha Namanga.

Tukitenganisha aina za hati tutaelewana. Tiketi ya ndege siku hizi si kitu unachobeba. Mashirika ya ndege yaliachana na tiketi za karatasi tangu Juni 2008, tiketi ni rekodi iliyo kwenye mfumo wao. Unachoonyesha, kiwe kwenye simu au kimeprintiwa, ni ufunguo wa kuifikia rekodi hiyo. Ukipoteza karatasi hujapoteza tiketi. Viza ya mtandaoni nayo ni hivyo hivyo kwa sehemu kubwa. Lakini pasipoti, kadi ya njano, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hizi ndizo hati zenyewe. Zina muhuri, zina saini, na mahali pengi afisa anataka kuzishika.

Watu wengi wanachanganya hayo mawili. Wanaprinti tiketi mara tatu, halafu kadi ya njano wanaiacha nyumbani kwa kuwa wana picha yake.

---

Dereva Masafa

Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Mimi njia yangu ni Dar, Tunduma, Nakonde, napasua Zambia mpaka Kasumbalesa naingia Kongo, nashusha Lubumbashi au Likasi. Mwaka wa 14 huu. Hilo la kadi ya njano alilosema mwana wa Pangani nalitilia mkazo.

Kuna mambo ambayo madereva wageni hawaambiwi. La kwanza, chanjo ya homa ya manjano haikubaliki siku ile ile uliyochomwa, inahesabiwa kuanzia siku ya kumi. Kijana anapata kazi Jumatatu, anachanjwa Jumanne, Alhamisi yuko mpakani na kadi mpya inayong'aa. Hiyo kadi bado. Muhuri upo, tarehe ndiyo inayomkataa.

La pili, tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha. Zamani ilikuwa ya miaka kumi, na kadi za zamani zimeandikwa kwa mkono tarehe ya mwisho. Hiyo tarehe haina nguvu tena kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, ila unaweza kukutana na mtu anayeisoma kama ilivyoandikwa. Ukiwa na kadi yenyewe mkononi unaongea naye kwa adabu, unamwonyesha, mnaelewana. Ukiwa na picha kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, mazungumzo yanakuwa marefu sana.

La tatu, na hili naomba mnisikilize: msiipeleke steshenari kulaminisha. Najua mnataka isichakae. Kadi ile ina nafasi za chanjo nyingine, na ikishafungwa ndani ya plastiki hakuna mhudumu wa afya anayeweza kuandika wala kugonga muhuri. Nunua kile kifuko cha plastiki cha wazi, itie humo, basi.

Tena msiache karatasi kwenye dashibodi. Zile zinazotoka kwenye mashine ndogo, za mizani, za mafuta, tiketi za basi, hazitumii wino. Ni karatasi ya kuchomwa kwa joto, na joto la kioo cha mbele linaimaliza. Dashibodi ya Mpika hadi Kapiri, saa sita mchana, jioni unashika karatasi nyeusi au nyeupe tupu. Hizo ndizo za kupiga picha mara tu unapopewa. Hapo simu inaishinda karatasi kabisa.

Kwa hiyo mimi nina vyote viwili. Pasipoti na kadi ya njano ziko kwenye kifuko cha shingoni ndani ya fulana, hata nikilala ziko kifuani. Karatasi za kazi ziko kwenye simu, na kila jioni namtumia mke wangu. Yeye ndiye kabati langu.

---

Mama Wawili

Dereva Masafa, ubarikiwe. Hiyo ya kulaminisha sikuijua, na nilikuwa nimeshaitoa ya mwanangu niipeleke kesho.

---

Dada Leicester

Habari za huko nyumbani, jamani.

Nimesoma uzi wote na nimeguswa na swali la mama. Ila huku tuliko baadhi yetu hatuna tena cha kushika. Zile kadi za ukaazi za Uingereza, za plastiki zenye picha, nyingi ziliandikwa mwisho 31 Desemba 2024 na baada ya hapo hadhi yako yote iko mtandaoni. Una akaunti, akaunti imeungwa na namba ya pasipoti yako. Mwajiri au mwenye nyumba akitaka uthibitisho unamtengenezea namba ya siri anayoingiza mwenyewe kwenye tovuti ya serikali. Ukiprinti ukurasa ule, karatasi hiyo haithibitishi chochote.

Nieleze kosa nililofanya ili wengine wasilirudie. Pasipoti yangu ya Tanzania iliisha, nikapata mpya, ile ya kielektroniki. Nikafurahi nikakata tiketi kuja kumwona bibi Morogoro. Kuja hakukuwa na shida. Siku ya kurudi, kaunta pale Dar, dada wa shirika la ndege anaingiza pasipoti yangu mpya, mfumo haumwambii kitu. Anajaribu tena. Akaniuliza kadi iko wapi, nikamwambia hakuna kadi tena. Namba mpya ya pasipoti sikuwa nimeiingiza kwenye akaunti yangu. Kwa mfumo, mwenye ruhusa ya kuishi Uingereza ni mwenye pasipoti ya zamani, na mimi niliyesimama pale ni mtu mwingine.

Nilisimama pembeni na mizigo yangu karibu saa mbili. Kilichoniokoa ni vitu viwili: pasipoti ya zamani nilikuwa nayo, na nilikuwa nimechagua tarakimu za kuingilia kwenye akaunti zije kwa barua pepe. Kama ningechagua zije kwa meseji kwenye laini ya Uingereza, ambayo Tanzania haikuwa inashika, ningeikosa ndege ile.

Kwa hiyo ndugu zangu mlioko huku: ukibadilisha pasipoti, jambo la kwanza kabla ya tiketi ni akaunti. Na pasipoti ya zamani usiitupe.

Na mjue upepo unakoelekea. Shirika la ndege la Ryanair tangu 12 Novemba 2025 hawapokei bodingi pasi ya kuprinti nyumbani, wanataka iliyo kwenye programu yao. Wanasema simu ikizima na ulikuwa umeshajisajili kwa safari, unasaidiwa uwanjani bila malipo. Umoja wa Ulaya tangu Oktoba 2025 wameanza kuacha kugonga mihuri kwa wageni wa muda mfupi, wanachukua sura na alama za vidole. Muhuri tuliokuwa tukimwonyesha afisa kwamba tuliondoka kwa wakati haupo tena. Mimi hilo linanihuzunisha, kwa sababu muhuri niliweza kuusoma mwenyewe.

---

Mwana wa Pangani

Dada, hiyo sentensi yako ya mwisho nimeisoma mara mbili. Kuweza kuisoma mwenyewe. Mama yangu hajui Kiingereza lakini anajua karatasi ya hospitali ni ile yenye nembo ya bluu, na ya viza ni ile yenye picha yake. Kwenye simu zote ni kioo.

---

Mswahili wa Kisauni

Assalamu alaykum, ndugu wa pande zote.

Nachangia kutoka Mombasa. Mwana wa Pangani amesema kuhusu simu ya mtu mmoja kukosa mtandao. Sasa fikiria mfumo wa nchi nzima. Mwishoni mwa Julai 2023 mtandao wa eCitizen ulishambuliwa, na serikali yetu ikathibitisha. Huko ndiko kuliko na huduma za pasipoti, leseni, na wakati ule viza za wageni. Wageni ikabidi waruhusiwe kupewa viza wanapofika, mambo ya zamani yakarudi kwa siku kadhaa. Ukataji wa tiketi za treni ya Mombasa na Nairobi nao ukatetereka.

Halafu Mei 2024 nyaya za baharini zikakatika, EASSy na Seacom, mkaona wenyewe intaneti ilivyokuwa Kenya, Tanzania na Uganda. Mtu ana tiketi, ana viza, ana kila kitu, lakini viko "huko juu" na njia ya kwenda huko imekatika chini ya bahari.

Kwa hiyo mimi sibishani karatasi au simu. Nauliza: kilichoko kwenye simu yako, kiko ndani ya simu au kiko mtandaoni na simu ni dirisha tu? Watu wengi hawajui. Njia ya kujua ni rahisi. Nyumbani, kabla ya safari, zima data, zima waifai, halafu fungua kila hati moja moja. Isiyofunguka hunayo.

Jambo jingine la huku kwetu. Wakenya wengi wamezoea kwenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, mpango ulioanza 2014. Wanakuja mpakani Lunga Lunga wakidhani Horohoro, upande wa Tanzania, ni hivyo hivyo. Tanzania hawakuingia kwenye mpango huo, huvuki kwa kitambulisho. Beba pasipoti, au chukua ile pasi ya muda ya Afrika Mashariki. Na ukisafiri na mtoto, beba cheti chake cha kuzaliwa, chenyewe, pamoja na barua ya mzazi mwenzako kama hamsafiri wote. Hilo usilifanyie mzaha. Mtoto hawezi kujieleza, anaelezwa na karatasi.

---

Fundi Tegeta

Nakubaliana na wa Kisauni. Na Oktoba 2025 wakati wa uchaguzi intaneti ilipozimwa nchini kwetu nilikuwa na ndugu anayesafiri. Tiketi yake ilikuwa kwenye barua pepe peke yake. Tulikaa tunakumbuka namba ya tiketi kwa kubahatisha.

Kuna anayejua kama skrinishoti inatosha kwa bodingi pasi? Naona wengine wanakataliwa.

---

Kijana wa Kariakoo

Fundi, mara nyingi inatosha, kwa sababu ule msimbo wa mraba unabeba taarifa zako wenyewe, mashine inasoma picha. Ila kuna programu zinazobadilisha msimbo kila baada ya muda mfupi, hizo skrinishoti haifai. Na mashine ikishindwa kusoma, mara nyingi tatizo ni mwanga wa kioo. Ongeza mwanga wote, futa kioo, toa ile kava yenye kioo cha kuzuia watu kuchungulia. Picha za hati msitumiane kama picha za kawaida WhatsApp, zinapunguzwa ubora na namba ndogo hazisomeki. Tumeni kama faili.

Na nakiri mwana wa Pangani amenifikirisha. Mimi ni kijana, nasafiri peke yangu. Sikuwa nimewaza mtu anayesafirishwa.

---

Kiongozi wa Msafara

Assalamu alaykum warahmatullah.

Nimewapeleka mahujaji mara kadhaa, wengi wazee wa Tanga na Unguja, na swali la mama wa mwana wa Pangani mimi nalijua sana.

Saudi Arabia leo kila kitu cha Hija kiko kwenye mfumo wa Nusuk. Usajili, vibali, ratiba, hata zamu ya kuingia Rawdha ndani ya Msikiti wa Mtume Madina unaiomba kwenye programu. Ukiangalia hivyo utasema karatasi imekufa. Lakini tangu Hija ya 2024 kila hujaji anavishwa kadi ya Nusuk, kadi halisi, yenye picha yake na taarifa za kambi yake, na bila hiyo huingii maeneo matakatifu. Programu inayo nakala yake. Bado wanakuvisha kadi.

Nilifikiri sana kwa nini. Kisha nikaona Mina, kwenye kambi ya mahujaji karibu na Makka. Mzee ametoka kujisaidia, mahema yote ni meupe, yote yanafanana, yanaenda mpaka macho yanapoishia. Amesahau njia. Simu ameiacha inachajiwa, au ameipoteza kwenye msongamano. Kijana wa kujitolea anayemkuta hamjui, hajui lugha yake. Anachofanya ni kuinua kadi iliyo kifuani mwa mzee na kuisoma. Mzee haulizwi chochote. Nimeletewa wazee watatu kwa njia hiyo.

Sisi tunaongeza yetu. Kila hujaji tunamshonea kifuko cha kitambaa, ndani kuna kopi ya pasipoti, namba zangu mbili, jina la hoteli ya Makka na ya Madina kwa Kiarabu, na karatasi ya dawa anazotumia. Karatasi ya dawa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mgonjwa wa sukari akianguka, daktari hawezi kuingia kwenye simu yake iliyofungwa kwa alama ya kidole.

Halafu kabla hatujaondoka namkalisha kila mmoja, nampa kifuko, namwambia, "Bibi, nitajie kilichomo." Anakitoa kimoja kimoja. Asipoweza, tunarudia kesho.

---

Mwana wa Pangani

Shehe wangu, umenipa jambo. Bahasha nilikuja kumpa, lakini kumfundisha hivyo sikufanya, alijifundisha mwenyewe.

Nimalizie ya kwetu, maana watu wameniuliza faragha mama aliendeleaje.

Alifanyiwa upasuaji salama, Mungu ni mwema. Viza ile inahesabiwa siku 60 tangu kufika, na wauguzi walitushauri tusikimbilie kuondoka. Karibu na hospitali kuna vichochoro vyenye vijiduka vya kutoa kopi, rupia chache tu kwa ukurasa. Siku ya pili baada ya ile ya uwanja wa ndege nilikwenda pale nikaprinti kila kitu mara mbili. Bahasha moja yangu, moja ya mama. Yake niliiandika kwa kalamu ya wino mzito: VIZA, HOSPITALI, TIKETI, DAWA. Kwa Kiswahili, ili asome yeye, na kwa Kiingereza chini yake, ili asome wa kaunta.

Wanaokwenda India lijueni hili la kurudi. Kule huingii hata ndani ya jengo la uwanja wa ndege bila tiketi. Mlangoni kuna askari, anaangalia tiketi na pasipoti kabla hujafika kaunta yoyote. Ukiwa na chaji asilimia mbili unaweza kubaki nje na mizigo yako na joto lile. Na mnakumbuka 19 Julai 2024, kompyuta za dunia zilipokwama kwa kosa la programu ya CrowdStrike? India abiria waliandikiwa bodingi pasi kwa mkono, kwa kalamu. Wakati huo mtu mwenye karatasi ya tiketi ndiye anayesomwa haraka.

Kuna pia kadi ya kuwasili ya mtandaoni ambayo India wameianzisha Oktoba 2025, inajazwa ndani ya saa 72 kabla ya kufika. Mnaokwenda sasa ijazeni kwenye simu, halafu iprintini, moja kwa kila mtu. Na kadi ya njano iwe kwa mwenyewe, maana India asiyekuwa nayo ilhali ametoka au amepita nchi yenye homa hiyo anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Mgonjwa wa moyo na siku 6 za karantini, fikirieni.

---

Mama Wawili

Mwana wa Pangani, kwa mgonjwa, zile CD za vipimo mlibebaje? Mwezi ujao nampeleka baba.

---

Mwana wa Pangani

Mama Wawili, CD zenyewe beba kwenye begi la mkononi, usizitie kwenye mzigo wa kupakia. Majibu ya maandishi yaprinti, daktari wa kwanza unayekutana naye anataka kupitisha kidole kwenye mstari. Picha za MRI nilizopiga kwa simu hazikumsaidia kitu, alizitaka za kwenye CD. Dawa ziache kwenye pakiti zake na cheti cha daktari juu yake. Baba yako mpe bahasha yake mapema, wiki nzima kabla, aizoee kama alivyosema shehe. Na pawabenki ikae begi la mkononi, kwenye mzigo wa kupakia hairuhusiwi.

Siku ya kurudi tulifika uwanja wa Chennai saa tisa usiku. Kijana wa kiti cha magurudumu akamchukua mama, nami nikaanza kukimbia nyuma yao na mizigo, moyo unanidunda kama mara ya kwanza. Pale mlangoni askari akanyoosha mkono kuniangalia mimi, kama wanavyofanya, wanamwuliza mwanaume aliye karibu. Kabla sijafungua zipu, mama alitia mkono chini ya kanga, akatoa bahasha, akachambua, akaipita VIZA, akaipita HOSPITALI, akatoa TIKETI, akaiweka juu ya pasipoti yake na kumpa askari mwenyewe.

Askari akasoma, akamwangalia, akamrudishia kwa mikono miwili.

Mwezi wa nane tunarudi kwa uchunguzi. Jana kanipigia simu kutoka Pangani, kaniambia ile bahasha imechakaa pembe, ninunue nyingine, ya kaki, ngumu.

---

Dada Leicester

Mwambie bahasha yake inatoka huku, naituma na mdogo wangu anayekuja mwezi wa saba.